Injini kubwa katika ndege ndogo: Faida zake na mipaka yake

KAMBI ya wakimbizi ya Ifo, katika Kaunti ya Garissa, iko umbali wa zaidi ya kilomita 450 kutoka Nairobi kwa barabara, na kilomita chache tu kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Dadaab. Tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka wa 1991, baada ya serikali ya Somalia kuporomoka, ndege ndogo zimekuwa njia ya dharura ya kuleta dawa, wataalamu na vifaa, na ya kuwatoa wagonjwa wasioweza kuhimili safari ndefu ya gari.

Nyingi za ndege hizo huendeshwa na injini ya tabini, yaani mtambo unaogeuza hewa iliyoshindiliwa na mafuta yanayowaka kuwa nguvu ya mzunguko. Kila inapozungumzwa habari ya kuboresha usafiri wa aina hiyo, pendekezo moja huja upesi: ndege ifungwe injini kubwa zaidi. Pendekezo hilo lina mantiki, na limetekelezwa mara nyingi duniani, kuanzia ndege za mizigo hadi zile ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio. Hata hivyo, matokeo yake si yale ambayo wengi huyatarajia. Makala haya yanaeleza injini kubwa huongeza nini, haiongezi nini, na ni mambo gani hulazimika kubadilika pamoja nayo.

Kwa nini ndege ni muhimu Ifo

Ifo, pamoja na Dagahaley na Hagadera, ni mojawapo ya kambi tatu za awali za Dadaab. Kambi hizo zilikusudiwa kuwahifadhi watu wapatao 90,000 kwa jumla. Wakati wa ukame na njaa ya mwaka wa 2011, idadi ya wakimbizi katika eneo hilo ilipita 400,000, na mwaka huohuo kambi ya Ifo 2 ikafunguliwa ili kupunguza msongamano.

Barabara ya kutoka Garissa hadi Dadaab imekatika mara kadhaa wakati wa mvua kubwa. Mnamo Novemba 2006 mafuriko yalizikumba kambi hizo, Ifo ikiwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya zaidi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) likalazimika kupeleka misaada kwa ndege. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka wa 2023 zilileta tena adha ya aina hiyo katika barabara za Garissa. Aidha, utekaji nyara wa wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari la MSF katika Ifo 2, mnamo Oktoba 2011, pamoja na mashambulizi ya mabomu ya barabarani yaliyofuata, uliwafanya wengi waliohudumu huko kuona usafiri wa anga kuwa salama zaidi.

Kwa miaka mingi safari za kati ya Nairobi na Dadaab zilitegemea Huduma ya Ndege za Kibinadamu ya Umoja wa Mataifa (UNHAS), inayosimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), pamoja na kampuni na mashirika yenye makao katika Uwanja wa Wilson. Miongoni mwa mashirika hayo ni lile la madaktari wanaotumia ndege, Amref Flying Doctors, ambalo mizizi yake ni ya mwaka wa 1957.

Kwa hivyo swali la injini lina uzito kwa mkazi wa Ifo. Kilo 50 zinazoachwa uwanjani Nairobi zinaweza kuwa makasha ya chanjo, na safari inayoahirishwa kwa sababu ya joto inaweza kuwa ya mama mjamzito aliyehitaji kufikishwa hospitali kubwa siku hiyo.

Tabini hufanyaje kazi

Injini ya tabini hufanya mambo manne kwa mfululizo. Huvuta hewa, huishindilia, huinyunyizia mafuta na kuyawasha, kisha huachilia gesi ya moto itoke kwa kasi. Gesi hiyo inapotoka huzungusha gurudumu lenye vipanga vingi, na gurudumu hilo ndilo linaloendesha kishindilio cha hewa kilicho upande wa mbele wa mfululizo huo. Mafuta yake ni ya jamii moja na mafuta ya taa yanayotumiwa majumbani.

Katika injini ya jeti, gesi inayotoka nyuma ndiyo inayoisukuma ndege. Katika ndege ya rafadha, sehemu kubwa ya nguvu hiyo huzungusha gurudumu la pili ambalo, kupitia sanduku la gia, huendesha rafadha iliyo puani. Injini mashuhuri ya aina hii ni PT6, inayotengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney Canada, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1961. Katika injini ya PT6 ya ndege aina ya Caravan, kishindilio huzunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika, ilhali rafadha haizidi mizunguko 1,900.

Madereva wa malori ya masafa marefu wanaijua kanuni hii kwa jina la tabo. Tabo ya lori hutumia moshi wa injini kuzungusha gurudumu dogo linaloshindilia hewa inayoingia. Ukiweka chumba cha mwako kati ya magurudumu hayo mawili, umepata tabini kamili.

Nguvu ya tabini hutegemea kiasi cha hewa inayopita ndani yake na joto ambalo vipanga vyake vinaweza kuhimili. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Rubani akiongeza mafuta ili kufidia upungufu huo, joto la ndani hupanda hadi kikomo, na hapo hana budi kuacha.

Joto, mwinuko na wembamba wa hewa

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Marubani hukusanya mambo hayo mawili katika kipimo kimoja: mwinuko ambao ndege huuhisi, tofauti na mwinuko ulio kwenye ramani. Kwa hesabu ya kawaida, kila nyuzi 1 ya sentigredi inayozidi kiwango rasmi cha mahali hapo huongeza takriban mita 36 katika mwinuko huo.

Dadaab iko takriban mita 130 tu juu ya usawa wa bahari. Kiwango rasmi cha joto kwa mwinuko huo ni nyuzi 14. Adhuhuri ya nyuzi 38 huzidisha nyuzi 24, na kwa hivyo ndege huuhisi uwanja huo kana kwamba uko karibu mita 1,000 juu ya bahari.

Wilson nayo iko takriban mita 1,690 juu ya bahari. Kiwango rasmi cha joto hapo ni nyuzi 4. Siku ya nyuzi 26, ambayo mkazi wa Nairobi huiona kuwa ya kawaida tu, ndege hujihisi iko karibu mita 2,500. Hivyo basi, licha ya sifa ya joto kali la kaskazini mashariki, mtihani mkubwa zaidi wa injini katika safari ya Ifo huwa mwanzoni, jijini Nairobi, ndege inapoondoka na mafuta mengi na mzigo kamili.

Hapa ndipo injini kubwa inapoonyesha faida yake ya kwanza. Watengenezaji wengi huijenga injini iwe na uwezo mkubwa kuliko ule inaoruhusiwa kuutumia, kisha huiwekea kikomo. Siku ya baridi uwezo wa ziada hulala bure. Siku ya joto, au mahali pa juu, uwezo huo hutumika kufidia wembamba wa hewa, na rubani huendelea kupata nguvu zilezile zilizoandikwa katika kitabu cha ndege wakati injini ndogo ingekuwa imeshuka.

Caravan: mfano ulio karibu

Ndege aina ya Cessna 208 Caravan inafahamika katika viwanja vingi vidogo vya Afrika Mashariki. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1982 na kuidhinishwa mwaka wa 1984 ikiwa na injini ya PT6 yenye nguvu za farasi 600. Baadaye toleo refu zaidi, Grand Caravan, lilifungwa injini ya nguvu za farasi 675. Mwanzoni mwa mwaka wa 2013 likaingia sokoni toleo la Grand Caravan EX, lenye injini ya nguvu za farasi 867.

Kutoka 675 hadi 867 ni ongezeko la asilimia 28. Msomaji angetarajia mzigo nao uongezeke kwa kiwango kinachokaribia hicho. Haikuwa hivyo. Uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kupaa ulitoka kilo 3,969 hadi kilo 3,995, yaani ongezeko la kilo 26 tu, ambalo halifiki asilimia 1.

Sababu ni kwamba bawa halikubadilika. Bawa ndilo linalobeba ndege, na uwezo wake hutegemea ukubwa wake, umbo lake na mwendo wa hewa juu yake. Uzito ukiongezeka, ndege hulazimika kwenda kwa kasi zaidi ili isiporomoke. Kanuni za Marekani ambazo Caravan ilithibitishwa nazo zilitaka ndege ya injini moja iweze kubaki hewani hata mwendo ukishuka hadi noti 61, sawa na takriban kilomita 113 kwa saa. Kikomo hicho kiliwekwa ili injini ikizimika rubani aweze kutua kwa mwendo mdogo, jambo linalopunguza madhara. Caravan tayari ilikuwa imekifikia.

Mwendo nao haukupanda sana. Katika ndege ya rafadha, nguvu zinazohitajika hukua kwa mchemraba wa mwendo: ili kwenda mara mbili ya kasi ya awali, zahitajika nguvu mara nane. Ongezeko la asilimia 28 la nguvu, kwa hesabu hiyo, haliwezi kuleta zaidi ya asilimia 9 ya mwendo. Kampuni ya Cessna ilitangaza nyongeza ya noti 10 hadi 12, yaani takriban kilomita 20 kwa saa.

Faida kubwa ilionekana katika kupanda. Ndege hupanda kwa nguvu za ziada, zile zinazobaki baada ya kutoa zile zinazohitajika kuibakiza hewani bila kushuka. Chukulia, kwa mfano wa kuelezea tu, kwamba nguvu za farasi 200 hutosha kuibakiza hewani. Injini ya 675 itabakiwa na 475 za kupandia, na ile ya 867 itabakiwa na 667. Hilo ni ongezeko la asilimia 40, kubwa kuliko ongezeko lenyewe la injini. Cessna ilitaja nyongeza ya asilimia 38 katika kasi ya kupanda. Vilevile, ndege huacha ardhi baada ya kukimbia umbali mfupi zaidi.

Hesabu ya safari moja

Ili kuona maana ya mambo hayo kwa Ifo, yafaa kuipiga hesabu safari moja. Umbali wa angani kati ya Wilson na Dadaab ni zaidi kidogo ya kilomita 400. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, kwenda na kurudi huchukua takriban saa 2 na dakika 40.

Caravan hutumia kiasi cha lita 200 za mafuta kwa saa. Chukulia injini kubwa itaongeza lita 30 kwa saa. Katika safari nzima nyongeza hiyo itakuwa lita 80, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.8, hizo ni kilo 64. Ikiwa ndege lazima iondoke Nairobi na mafuta ya kwenda na kurudi, kilo 64 hizo zitatolewa katika mzigo. Kikomo cha uzito kimeongezeka kwa kilo 26 tu. Kwa hivyo mizani inaonyesha upungufu wa kilo 38, hata kabla ya kuhesabu uzito wa injini yenyewe. Mwendo wa kasi zaidi utapunguza muda wa safari kwa dakika chache na kurudisha sehemu ya mafuta hayo, lakini hautaondoa upungufu wote.

Hesabu hiyo inahusu siku njema, ambapo ndege yenye injini ndogo ingeweza pia kuondoka na uzito wake wote. Siku ya joto, au pale njia ya kurukia ilipo fupi au laini kwa mvua, mambo hugeuka. Injini ndogo itamlazimu rubani kuacha mzigo ili aweze kupaa salama, pengine mamia ya kilo, ilhali injini kubwa itaondoka na uzito kamili. Kwa maneno mengine, injini kubwa haipandishi dari la mzigo ila kwa kiasi kidogo sana. Huiwezesha ndege kulifikia dari hilohilo katika siku ambazo injini ndogo isingelifikia.

Mendeshaji anayetaka kujua kama gharama hiyo ina manufaa kwake, basi, hana budi kuhesabu siku mbaya katika mwaka wake. Mwenye siku mbaya nyingi atafaidika. Mwenye siku chache atakuwa amenunua mafuta mengi kwa faida haba.

Kitovu cha uzito

Ndege ni kama mizani iliyoning'inizwa katikati. Mahali ambapo ingeweza kuning'inia bila kuelemea mbele wala nyuma huitwa kitovu cha uzito, na lazima mahali hapo pawe ndani ya eneo dogo lililopimwa. Kitovu kikisogea mbele mno, pua huwa nzito na rubani hushindwa kuinyanyua wakati wa kutua. Kikisogea nyuma mno, ndege huwa na wasiwasi, na ikianza kuporomoka huenda isirudishike.

Kwa sababu hiyo, uzito wa injini mpya hauhesabiwi kwa kilo pekee, bali kwa kilo zikizidishwa kwa umbali kutoka kitovu. Kilo 10 zilizoongezwa puani, mita 2 mbele ya kitovu, zitadai kilo 4 zilizowekwa mkiani, mita 5 nyuma yake. Kilo 10 zimekuwa 14, na kila moja imetoka katika mzigo.

Historia ina mfano maarufu wa jambo hili kwa upande wa pili, yaani injini mpya kuwa nyepesi kuliko ya zamani. Ndege ya DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935, ilitumia injini za pistoni za takriban nguvu za farasi 1,200 kila moja. Kampuni ya Basler ya jimbo la Wisconsin, Marekani, huzing'oa injini hizo na kufunga tabini za PT6, na ndege hupewa jina jipya la BT-67. Tabini hizo zina nguvu zaidi kidogo, lakini uzito wake haufiki nusu ya ule wa injini za zamani. Mbele kukawa kwepesi mno. Suluhisho lilikuwa kuurefusha mwili wa ndege kwa takriban mita 1 mbele ya bawa. Aidha, bawa na sehemu nyingine za mwili ziliimarishwa.

Shirika la misaada la Samaritan's Purse limepata kutumia DC-3 yenye tabini katika kazi zake za Afrika Mashariki kutoka Kenya. Anayeitazama ndege hiyo akadhani ni ya kale iliyobadilishwa injini tu, hajauona ule urefu wa mita 1. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kanuni hizohizo katika ndege za mfano

Mahali ambapo kanuni hizi huonekana waziwazi zaidi ni katika ndege za mfano, ambazo kwa kawaida huwa na urefu wa mita 2 au 3 na huongozwa kwa redio kutoka ardhini. Tabini ndogo za ndege hizo zilianza kuenea katika miaka ya 1990, baada ya Mjerumani Kurt Schreckling kuonyesha kwamba mtu angeweza kujitengenezea tabini katika karakana ya nyumbani. Gurudumu la kishindilio chake cha mwanzo lilikuwa la mbao za plaiwudi zilizozungushiwa nyuzi za kaboni. Miundo iliyofuata ilitumia magurudumu ya tabo za magari.

Leo zipo kampuni zinazouza tabini hizo zikiwa tayari. Msukumo wake hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 zinatosha kuinua takriban kilo 1. Mtu mwenye ndege ya mfano yenye tabini ya nyutoni 100 akitaka kufunga ya nyutoni 160, hukutana na maswali yaleyale ya Caravan na DC-3.

La kwanza ni mwendo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hivyo asilimia 60 ya msukumo wa ziada huleta takriban asilimia 26 tu ya mwendo. Lakini shinikizo la hewa juu ya mabawa, mkia na usukani huongezeka kwa asilimia 60 kamili. Ikiwa bawa lilijengwa kwa ajili ya msukumo wa awali, laweza kuanza kutetemeka, na mtetemo huo hujilisha wenyewe hadi bawa kukatika. Mota ndogo zinazosukuma usukani nazo hulazimika kuwa na nguvu zaidi.

La pili ni mizani. Katika ndege nyingi za mfano, injini hukaa nyuma ya kitovu. Gramu 400 zilizoongezwa sentimita 60 nyuma yake zitahitaji gramu 300 puani, sentimita 80 mbele. Jumla ni gramu 700, na miguu ya magurudumu lazima iweze kuzibeba wakati wa kutua.

La tatu ni mafuta. Tabini ya nyutoni 100 hunywa takriban theluthi moja ya lita kwa dakika inapopewa mafuta yote, na ile ya nyutoni 200 hunywa takriban mara mbili ya kiasi hicho. Tangi la lita 3 lililotosha dakika 9 litatosha dakika 4 na nusu.

La nne husahauliwa na wengi: tabini kubwa husukuma zaidi hata inapozunguka taratibu. Ndege inayokaribia ardhi haipungui mwendo upesi, na njia ya kutulia iliyotosha jana haitoshi leo. Vilevile, tabini huchukua sekunde kadhaa kuitikia amri, kwa hiyo aliyechelewa kuongeza nguvu hana nafasi ya kusahihisha.

Kwa sababu ya hatari hizo, chama cha warukaji wa ndege za mfano cha Marekani, Academy of Model Aeronautics, humtaka mrukaji wa tabini awe na idhini maalumu, na kimepata kuweka kikomo cha mwendo cha maili 200 kwa saa, sawa na kilomita 322, bila kujali ukubwa wa injini. Aliyefunga injini kubwa kwa ajili ya mwendo pekee hukuta mlango huo umefungwa.

Vumbi la kaskazini mashariki

Viwanja vidogo vya eneo kavu vina adui mwingine ambaye hatajwi sana katika matangazo ya injini. Tabini kubwa huvuta hewa nyingi zaidi, na pale ambapo hewa ina mchanga, huvuta mchanga mwingi zaidi. Chembe hizo hukwaruza vipanga vya kishindilio, na kishindilio kilichokwaruzika hushindilia vibaya, injini hupata joto kabla ya wakati wake, na nguvu zilizonunuliwa kwa bei ghali huanza kupotea.

Caravan ina kifaa cha kuilazimisha hewa ipinde kona kali kabla ya kuingia kwenye injini. Hewa hupinda kwa urahisi, lakini mchanga na vipande vya barafu, kwa kuwa ni vizito, hunyooka na kutupwa nje. Kifaa hicho hulinda injini, ila nacho hupunguza nguvu kidogo kinapotumika. Rafadha pia huumia kwa kokoto, hasa rubani anapoongeza nguvu nyingi ndege ikiwa imesimama. Mafundi hulazimika kuzikagua ncha zake mara kwa mara, kwani alama ndogo ya kokoto yaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Sheria na vibali

Ndege iliyothibitishwa haiwezi kubadilishwa injini kwa uamuzi wa mwenyewe na fundi wake. Nchini Marekani, zinakotoka ndege nyingi ndogo, kila badiliko kubwa lazima lipate cheti cha nyongeza kutoka mamlaka ya anga, baada ya majaribio na hesabu za nguvu za muundo. Caravan zipo zilizobadilishwa kwa njia hiyo: kampuni ya Texas Turbines hufunga injini ya Honeywell ya nguvu za farasi 900, na ile ya Blackhawk imepata kutoa mfumo wa PT6 wa nguvu za farasi 850. Kwa ndege iliyosajiliwa Kenya, badiliko kama hilo lazima likubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA). Kitabu cha rubani na jedwali la uzito navyo hubadilishwa.

Vyombo visivyo na rubani ndani yake vina kanuni zake, zilizotolewa nchini Kenya mwaka wa 2020, ambazo pia husimamiwa na KCAA na hudai usajili na idhini. Katika eneo kama Dadaab, lenye uwanja wa ndege, makazi ya watu wengi na mpaka wa kimataifa usio mbali, hakuna chombo cha aina hiyo kinachopaswa kurushwa bila kibali.

Maswali kabla ya kubadilisha

Kutokana na hayo yote, yako maswali matano ambayo mwenye ndege, shirika linaloikodi, au mfadhili anayeombwa fedha anapaswa kujibiwa kabla ya kukubali injini kubwa zaidi.

Kwanza, ni siku ngapi katika mwaka ndege iliyopo huacha mzigo kwa sababu ya joto au urefu wa njia ya kurukia? Pili, uzito wa juu unaoruhusiwa utaongezeka kwa kilo ngapi, na mafuta ya ziada ya safari yatachukua kilo ngapi kati ya hizo? Tatu, muundo wa bawa na mkia umepimwa kwa nguvu mpya, au ni injini pekee iliyopimwa? Nne, nani ataihudumia injini hiyo, na vipuri vyake vitatoka wapi? Tano, je, fedha hizohizo zingeleta faida kubwa zaidi zikitumiwa kwingine?

Swali la tano ni zito kwa Ifo. Njia ya kurukia iliyorefushwa au kushindiliwa vizuri huzipa ndege zote zinazotua hapo umbali ambao injini kubwa huipa ndege moja. Hifadhi salama ya mafuta huko kaskazini mashariki ingeiwezesha Caravan kuondoka Nairobi bila mafuta ya kurudia, na kwa hesabu iliyotangulia, nusu ya lita 530 hivi za safari ni zaidi ya kilo 200 za mzigo. Wakati wa kuondoka nao ni nyenzo isiyogharimu chochote: ndege inayotoka Wilson saa 1 asubuhi hukuta hewa nzito kuliko ile ya saa 8 mchana.

Injini kubwa ina mahali pake pale ambapo mambo hayo yameshafanywa na ndege bado inashindwa kubeba kile ambacho bawa lake linaruhusu. Ikifungwa kabla ya hapo, italipiwa kwa mafuta ya kila safari, na mkazi wa Ifo hataona tofauti katika idadi ya makasha yanayoshushwa.